Wa Chini na Mawakili wa Mungu

Nani alikuomba umtetee Mungu?

Jibu, kama unalo. Alikupigia simu? Ulipita mahakamani ukamkuta amesimama kizimbani peke yake, hana wakili, ukamwonea huruma? Au ulijituma tu, ukafunga vifungo vya shati mpaka kooni, ukapanga hoja zako mstari, ukatoka kwenda kumtafuta mtu wa kumwangusha? Kuna mpasua mbao mmoja ambaye swali hili lilimkaa kifuani muda mrefu likimuunguza. Siku lilipomtoka, lilimtoka kwa kelele, na nusura limpotezee mwanawe wa pekee.

Kwenye uwanja wa mbao, nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma, walimwita Wa Chini, kwa sababu huko ndiko alikokuwa akifanyia kazi tangu ujana wake. Gogo linapandishwa juu ya shimo, likishikwa kwa kabari lisibingirike, kisha watu wawili wanalipasua kwa msumeno mmoja mrefu wenye mpini kila upande. Mmoja anasimama juu ya gogo na kuufuata mstari uliopigwa kwa uzi uliopakwa weusi wa betri kuukuu. Mwenzake anaingia shimoni. Wa juu anaongoza, wa chini anavuta. Jioni wa juu anashuka na jasho lake tu. Wa chini anatoka na unga wa mbao masikioni, puani, kwenye kope, amekuwa kama mtu aliyepasukiwa na gunia la unga.

Alikuwa mtu mfupi, mnene wa shingo, na kwa kuzoea kutazama juu alikuwa amejizoesha kufinya macho hata akitembea barabarani, watu wasiomjua wakadhani anawadharau. Hakuwa msemaji. Shimoni anayefungua mdomo anakula unga, na tabia ya kazini ilimfuata mpaka nyumbani.

Wa juu wake miaka yote hiyo alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe. Naye, bila shaka, aliitwa Wa Juu, na jina lilimkaa vizuri kupita kiasi. Mwembamba, miguu mirefu, ulimi mrefu zaidi. Walianza kupasua pamoja kabla hata Wa Chini hajaoa, na ni huyuhuyu Wa Juu aliyempeleka nyumbani kwao akamwambia dada yake, "Nimekuletea bwana asiyesema. Utatawala." Dada akatawala kweli, kwa raha zake, mpaka ugonjwa wa damu ulipomchukua. Wakabaki mabwana wawili, gogo katikati, na binti mmoja aliyekuwa chuoni.

Wa Chini alikuwa akisali kila asubuhi kabla ya kazi. Hakukuwa na shamrashamra. Alikaa kwenye kigoda sebuleni, mikono magotini, macho amefumba, midomo ikichezacheza. Enzi za uhai wake, mkewe alimvizia siku moja apate kusikia mambo makubwa anayoyasema, akarudi jikoni ameshika mbavu. "Jamani, anamweleza Mungu habari za bati linalovuja! Anamwambia liko upande gani!" Wa Chini hakuona cha kuchekesha. Kama una mtu unayezungumza naye kila siku, utazungumza naye nini kama si mambo ya kila siku?

Basi ndipo akatokea Mhadhiri.

Mhadhiri huyu alikodi ukumbi ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule, akaanzisha darasa la jioni la kuwafundisha watu wa kawaida namna ya kuthibitisha kwamba Mungu yupo na kuwanyamazisha wasioamini. Alikuwa na sauti laini, ubao mweupe, na kalamu za rangi. Alimzungumzia Mungu kama dalali anavyozungumzia kiwanja ambacho hajakikanyaga: mipaka anaijua, hati anazo, kilichobaki ni mteja kutia sahihi. Wanafunzi wake waliingia wakiwa watu, wakatoka wakiwa majogoo. Mama aliyekuwa akisali kwa machozi akaacha machozi, akashika hoja. Kijana aliyekuwa na shaka, shaka ya kweli inayomkosesha mtu usingizi, akapewa jibu la kukariri na kupigwa begani. Kwa kweli ni vigumu kusema ni nani aliyeibiwa zaidi pale ghorofani, wasioamini au waamini.

Wa Juu alikuwa mwanafunzi wa mstari wa mbele. Na kwa kuwa mchana kutwa alikuwa na mtu chini ya miguu yake asiyeweza kukimbia, alipata pa kufanyia mazoezi.

"Shemeji!"

"Mmh."

"Wewe huko chini unauona mstari?"

"Vuta msumeno."

"Jibu kwanza. Unauona?"

"Siuoni."

"Lakini ubao unatoka umenyooka?"

"Siku ukinyamaza, unanyooka."

"Basi!" Wa Juu aliinua mikono, akauacha msumeno uning'inie. "Ubao umenyooka, wewe mstari huuoni, kwa hiyo lazima kuna mwenye kuona. Na yuko juu. Hiyo ndiyo hoja ya mpango, shemeji. Ulimwengu mzima ni ubao ulionyooka!"

Wa Chini alitema unga. "Kwa hiyo wewe ndiye Mungu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema uko juu, unaona, mimi niko chini, sioni. Mungu gani huyo jasho lake linanidondokea shingoni tangu asubuhi? Mimi najua uko juu kwa sababu unanuka. Sikungoja hoja."

Wapakiaji waliokuwa wakipanga mbao pembeni walicheka mpaka mmoja akajiangushia ubao mguuni, akacheka tena kwa maumivu.

Lakini mtu aliyeonja kushinda hakomi kwa kuchekwa. Siku iliyofuata Wa Juu alikuja na sababu ya kwanza: kila kitu kimesukumwa na kingine, na hicho kimesukumwa na kingine, mpaka ufike kwa asiyesukumwa. Baada ya hapo akaja na hoja ya dhamiri. Kisha akaja na ile ya mkuu kuliko wote wanaoweza kuwazwa, ambayo hata yeye mwenyewe hakuielewa, ila aliipenda kwa sababu ilikuwa ngumu. Na kila alipokuwa akihutubia, mkono wake ulihama, msumeno ukahama nao, na mbao zikaanza kutoka na matumbo, nene katikati, nyembamba pembeni. Mwenye uwanja akaanza kunung'unika. Wa Chini alikuwa akiyasikia makosa kwenye viganja vyake kabla hayajaonekana, akavumilia. Alimwonea shemeji yake huruma. Mtu aliyemzika dada yake anaweza kuhitaji kelele.

Uvumilivu ulikatika katikati ya wiki, katikati ya gogo.

"Jumamosi si Msomi anakuja?" Wa Juu aliuliza. Msomi ndiye binti. Uwanja mzima ulimwita hivyo.

"Anakuja."

"Nitapita. Nataka kuzungumza naye. Nimeambiwa bado anasema haamini."

Huko chini msumeno ukaacha kuvutwa. Kisha Wa Juu akasikia kabari ikigongwa, tok, tok, na msumeno ukalegea mkononi mwake.

Kwa wapasua mbao mpini wa chini unachomoka. Umeshikiliwa kwa kabari tu, ili msumeno uweze kutolewa ndani ya gogo. Lakini kuuchomoa kazi ikiwa katikati, bila kuambizana, ni jambo jingine kabisa. Ni talaka. Wako watu waliochomoleana mpini na hawakusalimiana tena mpaka wakazeeka. Wa Chini alipanda ngazi ya shimo, mpini kwapani, unga ukimdondoka, akasimama mbele ya shemeji yake. Msumeno ulibaki umesimama ndani ya gogo kama kisu mgongoni.

"Shemeji, usifanye hivyo," Wa Juu alisema, sauti imeshuka. "Gogo la watu hili."

"Yule mtoto muache."

"Ni mpwa wangu! Ni damu ya dada yangu! Unataka apotee?"

"Nataka arudi nyumbani. Basi."

Na hapa ndipo palipokuwa na kidonda. Wiki ile ya mazishi ya mama yake, binti alimwambia shangazi yake, kwa upole tu, kwamba hawezi tena kusali, kwamba ndani mwake hakuna anayejibu. Shangazi akaitisha watu. Wakamkalisha kwenye kiti uani, kila mmoja akatoa lake, huyu anamshawishi, huyu anamtisha, huyu anamlilia. Binti aliwasikiliza wote mpaka wakachoka. Kulipopambazuka alikuwa ameshaondoka na begi lake, na muhula mzima hakuonekana, simu hakupokea. Baba yake alikuwa akirudi kutoka shimoni anaikuta nyumba ina vikombe viwili na mnywaji mmoja. Siku aliporudi hatimaye, alisimama mlangoni amekaza uso, yuko tayari kwa vita. Baba alimwambia, "Umekula?" Akasema hajala. Wakala. Tangu hapo huo ndio ukawa mkataba wao. Asubuhi yeye akikaa kwenye kigoda chake, binti anatoka nje anachota maji au anafagia, mpaka amalize. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

"Niahidi," Wa Chini alisema, mpini bado kwapani. "Sema hutabishana naye."

Wa Juu alitazama gogo, akatazama wapakiaji waliokuwa wameacha kazi kutazama. "Haya. Sitabishana naye."

Wa Chini akarudi shimoni, akaugonga mpini mahali pake, wakamaliza ubao bila neno. Ulitoka umenyooka.

Jumamosi binti alifika. Alikuwa na shingo fupi ya baba na kicheko cha mama, ila siku hizi kicheko kilikuwa adimu. Alipika, akamcheka baba yake kwa namna alivyokunja suruali, akamkata nywele uani kwa mkasi, akipuliza unga wa mbao uliokuwa umejificha nyuma ya masikio. "Baba, humu kuna fanicha kamili," alisema. Wa Chini alikaa ameinamisha kichwa, amefumba macho, na kama angeulizwa wakati ule kama ana haja na lolote duniani, angesema hapana.

Alasiri Wa Juu akaingia. Shati jeupe limenyooshwa, viatu vinang'aa, na nywele zimepakwa mafuta. Wa Chini alimwangalia mara moja akajua.

"Uliniahidi," alimwambia palepale mlangoni, kwa sauti ya chini.

"Niliahidi sitabishana," Wa Juu alijibu, naye kwa sauti ya chini. "Sibishani. Nathibitisha. Ni vitu viwili tofauti, muulize Mhadhiri."

Kabla baba hajapata jibu, binti aliita kutoka ndani, "Mjomba! Karibu. Mbona umependeza hivyo, unaoa?"

"Nimekuja kwako, mama. Kaa hapa. Mjomba wako naye siku hizi ni msomi."

Alipoanza, binti alielewa mara moja. Alikaza uso kidogo, kisha akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayekunja mikono ya shati. Alikuwa amechoka kuviziwa. Afadhali huyu amekuja mbele.

Wa Juu akatoa sababu ya kwanza. Aliieleza vizuri, lazima isemwe. Alikuwa ameisoma kwa bidii. Binti alimwacha amalize.

"Tuseme nimekubali, mjomba. Kuna kitu cha kwanza kisichosukumwa na kingine. Nani kakwambia kinasikia?"

"Kinasikia vipi?"

"Si ndiyo nakuuliza. Wewe umethibitisha kisukumizi. Kisukumizi kinajua jina langu? Kilijua la mama?"

Wa Juu akahamia kwenye dhamiri. Bila Mungu, alisema, ungezuiwa na nini usiibe?

"Kwa hiyo wewe huibi kwa sababu unaonekana?" binti alisema. "Baba, ficha vijiko."

Wa Chini, pembeni, alijikuta anataka kucheka, akajizuia. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili kana kwamba nyumba inatikisika.

Basi Wa Juu akatoa silaha nzito, ile ya mkuu kuliko wote wanaoweza kuwazwa. Ukimuwaza mkamilifu asiyepungukiwa na lolote, alisema akihesabu kwa vidole, huwezi kumuwaza hayupo, maana kutokuwepo ni kupungukiwa. Kwa hiyo yupo.

Binti alifumba macho. "Subiri nijaribu. Namuwaza mjomba mkamilifu. Hapungukiwi na lolote. Anakuja na zawadi, anauliza habari za masomo, anasikiliza." Akafumbua jicho moja. "Mh. Nimeletewa huyu."

"Unafanya mzaha na Mungu!"

"Nafanya mzaha na wewe, mjomba. Mungu hajaingia bado."

Kama ingeishia hapo, pengine wangecheka wote watatu, na hadithi hii isingekuwepo. Lakini Wa Juu, shati limemganda mgongoni, alikuwa amebakiwa na moja, na aliitoa bila madoido kwa sababu madoido yalikuwa yamemwishia.

"Haya, mama. Niambie hili tu. Kwa nini kuna kitu chochote? Kungeweza kusiwe na kitu. Hakuna dunia, hakuna giza, hakuna hata hapo mahali pa giza. Kwa nini kuna kitu?"

Binti aliacha kutabasamu. Alitazama meza. Alitazama mkasi uliokuwa juu ya meza, na nywele za baba yake zilizonata kwenye mkasi, kana kwamba anaviona kwa mara ya kwanza. Nje mtu alipita akivuta mkokoteni, ukasikika mpaka mwisho wa mtaa.

"Sijui," alisema polepole. "Hilo sijui. Hilo huwa linanijia hata mimi, mjomba. Nikiwa peke yangu. Linanitisha."

Wa Chini aliinua kichwa. Tangu mkewe azikwe, hii ndiyo mara ya kwanza mtoto huyu kusema mbele yake kitu kilichomo ndani kabisa. Hakujua afanye nini nacho. Alichokijua ni kwamba pale mezani palikuwa pamefunguka kitu, na kwamba yule asemaye neno la kwanza, hata liwe zuri namna gani, atakifunga. Angekuwa tayari kukaa katika ukimya ule mpaka kesho.

Wa Juu alipiga makofi.

Alipiga makofi kweli, kama mtu uwanjani timu yake imefunga bao. "Umekwama! Umesema mwenyewe hujui! Shemeji umesikia? Amesema hajui! Sasa malizia, mama. Sema: nimekubali. Neno moja tu."

"Nimesema sijui, mjomba. Sijasema nimekubali."

"Ndiyo hivyohivyo!"

"Siyo hivyohivyo hata kidogo."

"Kiburi! Hicho ni kiburi sasa!" Wa Juu alimnyooshea kidole. "Hoja imekushinda na bado unakaza shingo. Mama yako huko aliko anakusubiri, na wewe unamfungia mlango! Hata kufa kwake hakukukufundisha kitu?"

Binti alisimama. "Mama usimtie kwenye hoja yako," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba sana.

Wa Chini hakukumbuka baadaye alivukaje chumba. Alijikuta amekunja kola ya lile shati jeupe ngumini, shemeji yake amesimama kwa ncha za viatu, mtu ambaye miaka yote amemtazama kutoka shimoni, sasa yeye amemwinua.

"Nani alikuomba?" alinguruma. "Eh? Nani alikutuma umtetee? Alikwambia ameshindwa? Mtoto alikuwa anazungumza! Alikuwa anazungumza, mjinga wewe, ukapiga makofi!"

"Shemeji, niachie, tunaweza—"

"Mkatafute hukohuko ghorofani mtu wa kumpigia makofi. Shimoni kwangu usiniite tena."

Akamsukuma nje, akafunga mlango, akasimama anahema. Alipogeuka alitarajia sijui nini, labda shukrani. Binti alikuwa amesimama palepale, lakini macho aliyokuwa amemkazia mjomba wake sasa yalikuwa kwake.

"Na wewe, baba?"

"Mimi nini?"

"Umekaa hapo muda wote. Wewe unayo hata hoja moja?"

"Sina."

"Hata moja?"

"Sina na sizitaki!"

"Basi unaamini kwa nini?"

Shimo lilikuwa limemfundisha Wa Chini kufunga mdomo, halikumfundisha kuufungua. Kilichomtoka ni hasira iliyobaki. "Kwani mimi nimekuuliza? Nimewahi kukuuliza wewe unaamini nini?"

"Hujawahi," binti alisema. "Tangu mama afe hujaniuliza. Shangazi ameniuliza, mjomba ameniuliza, hata watu wa mtaani wameniuliza. Wewe unaniuliza kama nimekula."

Akaingia chumbani kwake. Mlango haukubamizwa, ulifungwa taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Baada ya muda Wa Chini akasikia zipu ya begi, urefu wake wote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Alikaa. Mkataba wake, ule aliokuwa akijivunia, ulikuwa umelala mbele yake umechanika, na upande wake wa pili, ambao hakuwahi kuusoma, ulikuwa umeandikwa kitu kingine kabisa. Alidhani kunyamaza ni kumfungulia mlango. Kumbe mwenzake upande ule alikuwa amesimama akingoja aitwe. Na wale wawili, shangazi kwa kikao chake cha uani na Wa Juu kwa makofi yake, walikuwa wamemkosea mtoto, ndiyo, laana iwashukie. Lakini angalau walimuuliza. Wazo hilo lilimkera kuliko yote. Alikwenda mara mbili mpaka mlangoni kwa binti, akainua mkono, akaurudisha.

Asubuhi iliyofuata alikaa kwenye kigoda kama kawaida, lakini hakuwa na kawaida yoyote ndani yake. Alifumba macho, akaanza kueleza yaliyotokea, akajichanganya, akarudi mwanzo. Mlango wa chumbani ulifunguka. Hatua zikapita nyuma yake, nyepesi, kisha komeo la mlango wa mbele likavutwa. Anaondoka, alijisemea. Hakufumbua macho. Alijua akifumbua ataona begi.

Kisha akasikia sauti nje. Haikuwa ya binti.

"Habari za asubuhi, mwanangu. Tumekuja kwa amani tu." Sauti laini, ya kufundishia.

Wa Chini alifumbua macho. Mlango ulikuwa wazi. Barazani alisimama Mhadhiri na mkoba wake kwapani, na nyuma yake Wa Juu, shati lilelile jeupe, kola imekunjamana. Na katikati ya mlango, amempa mgongo, alisimama binti yake. Begi lilikuwa begani, kweli. Mkononi alikuwa na ufagio wa uani, wenye mpini mrefu.

"Mjomba wako amenieleza mazungumzo ya jana," Mhadhiri aliendelea. "Nadhani kuna kipengele hakikuelezwa sawasawa. Na baba yako pia ningependa nimsaidie, maana nasikia hana msingi wa—"

"Baba anasali," binti alisema.

"Hatutachukua muda mrefu."

"Nimesema baba anasali." Aliuweka ufagio mlalo, kutoka fremu hadi fremu. "Hapiti mtu."

Mhadhiri alitabasamu. "Lakini binti, wewe si ndiye unayesema huko anakosali hakuna mtu? Sasa unalinda nini?"

"Namlinda baba yangu. Yupo, namsikia anavyopumua. Au na huyo nikuletee hoja?"

Wa Juu alikohoa, pengine alicheka. Mhadhiri alihamisha mkoba kutoka kwapa moja kwenda jingine.

"Sasa sisi tufanyeje?"

"Mngoje nje mpaka amalize. Mkiingia mtaingia kama wageni, mtaambiwa karibuni, mtakunywa chai. Hoja mziache hapo chini pamoja na viatu." Kisha, bila kugeuka, akasema kwa sauti kubwa kidogo, "Na wewe baba, usiharakishe. Ila ukimaliza, tuna maneno mimi na wewe. Marefu. Wao watangoja hata hayo."

Akalishusha begi kutoka begani kwa mkono wa pili, akaliweka sakafuni nyuma ya mguu wake, upande wa ndani.

Wa Chini alikaa na mikono magotini, akiutazama mgongo ule. Sala ilikuwa imempotea yote. Nje, Wa Juu alikuwa ameinama, anafungua kamba za viatu.